Nafasi Baada ya Kistari

Mtu akikuambia kwamba fundi wa mawe ya makaburi lazima awe mtu wa uso mkavu, mwambie hakumjua huyu. Huyu alikuwa na mdomo! Miaka thelathini na nane alikaa kwenye banda lake la mabati nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, akichonga majina ya watu kwenye marumaru, na hakuacha kuwatania wateja wake hata wale waliokuja macho mekundu. "Jamani, baba yenu na majina yote haya manne, hamkunionea huruma mkampunguzia hata moja?" angeuliza, na watu wakajikuta wanacheka msibani. Mtaani walimwita Nukta. Yeye alisema ni kwa sababu hasahau nukta mwisho wa maandishi yake. Mkewe alisema ni kwa sababu ya kimo chake.

Mkewe ndiye aliyekuwa mrefu, tena wa sauti. Alikuwa mkunga katika zahanati ya hapo mtaani, na akimwambia mama "sukuma!" ndani ya chumba cha kujifungulia, wauza duka ng'ambo ya barabara nao walikaza misuli. Katika nyumba yao ya vyumba viwili na sebule walizoea kutaniana wakati wa kula. "Wateja wangu wanakuja wakilia," mke angesema, "wako wanaliliwa." Nukta naye angejibu kwamba wa kwake angalau hawarudi kulalamika. Watoto wao walikwisha kuwa na miji yao, wakakaa mbali. Walibaki wao wawili, na walipendana. Nalisema hilo waziwazi, maana bila kulijua hutaelewa kwa nini mtu mzima mwenye akili zake alifanya alichofanya.

Nukta alikuwa na utaratibu wake wa kazi, na huo utaratibu ndio uliomponza, kwa hiyo nisikilize vizuri. Kwenye jiwe la kaburi alichonga kwanza jina. Kisha mwaka wa kuzaliwa. Kisha kistari, kile kimstari kifupi kinachokaa kati ya miaka miwili. Akifika hapo aliweka chini tindo na nyundo, akanawa mikono mpaka viwikoni, akatoka nje kunywa chai. Mwaka wa kufa aliuchonga baada ya chai, na hakuna siku aliyoruka. Mzee aliyemfundisha kazi ndiye aliyemzoesha hivyo, akamwambia tu kwamba miaka hiyo miwili isichongwe kwa mkupuo mmoja. Nukta hakumuuliza kwa nini. Alipenda chai, basi.

Sasa mjini hapo kulikuwa na klabu ya huduma. Unazijua hizi: wafanyabiashara, mawakili wawili watatu, mwenye kiwanda cha mikate, wanakutana hotelini mara moja kwa mwezi, wanakula, wanapanga kuchimba kisima au kupaka wodi rangi. Si watu wabaya. Kila mwaka walichagua watu watatu wa kawaida, wale wanaofanya kazi zao kwa moyo bila kuonekana na mtu, wakawapa tuzo mbele za watu. Tuzo yenyewe ilikuwa kipande cha marumaru nyeupe, urefu wa kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole, chenye jina, kazi, na mwaka mtu alioanza kazi. Mchongaji alikuwa Nukta, kwa kuwa hapakuwa na mwingine.

Mwaka mkasa huu ulipoanza, Katibu wa klabu alichelewa kuleta majina. Alikuwa bwana mmoja mwembamba, kila ukimwona anakimbilia mahali pengine.

"Fundi, nayataka kesho asubuhi."

"Kesho! Mimi umeniona mashine?"

"Wewe ni zaidi ya mashine, mzee wangu," Katibu akasema, na huyoo akatoweka.

Nukta akaanza na jiwe la mama mfagiaji wa soko. Akachonga jina. Akachonga "Mfagiaji wa Soko". Akachonga 1987. Mkono wake, bila kumuuliza mwenyewe, ukaweka kistari. Akaweka tindo chini, akanawa, akaenda kunywa chai. Aliporudi akachukua karatasi ya Katibu kutafuta mwaka wa pili, akapekua mbele na nyuma. Haukuwepo. Mama mwenyewe alikuwa hai, asubuhi hiyo hiyo alimpita sokoni na ufagio wake begani. Akalitazama jiwe kidogo, kisha akajicheka.

Kukifuta kile kistari kungemlazimu asage uso wote wa jiwe, na muda hakuwa nao. Na fundi ni fundi: mawe matatu ya tuzo moja hayawezi kutofautiana. Basi akaweka kistari na kwenye jiwe la fundi bomba, na kwenye la mpishi wa shule. Vitatu vyote, vimenyooka, safi kabisa, na baada ya kila kimoja nafasi tupu ya kutosha tarakimu nne.

"Hiki kistari cha nini?" Katibu aliuliza asubuhi yake.

"Maana yake bado anaendelea," Nukta akajibu bila kupepesa macho.

"Anaendelea! Aisee, safi sana." Na kweli siku ya sherehe Katibu alikitaja kistari kwenye hotuba, watu wakapiga makofi.

Miezi minne baadaye alikuja bandani kijana wa miaka thelathini hivi, amebeba kitu kilichofungwa kwenye khanga. Alikuwa mtoto wa mfagiaji. Mama amefariki juzi, alisema. Akafungua khanga, na Nukta akaiona marumaru yake mwenyewe.

"Tumeona hakuna haja ya jiwe jingine," kijana alisema. "Hili lina jina lake, lina kazi yake. Umebakiza mwaka tu, fundi. Na nafasi uliacha."

Nukta alitafuta utani, hakuupata. Alimpa pole, akaliegemeza jiwe ukutani lingoje zamu yake.

Vumbi la marumaru halichagui. Bandani mle lilikaa kwenye kikombe, kwenye redio, kwenye kope za mwenye banda. Siku ya tatu alipolishika jiwe la mfagiaji lilikuwa jeupe kwa vumbi juu hadi chini, isipokuwa sehemu moja. Baada ya kistari palikuwa safi, panang'aa, mapana ya tarakimu nne. Nukta akatazama juu kama kuna tundu la upepo kwenye mabati. Halikuwepo. Akajiambia labda kijana alipagusa na khanga, akanywa chai yake, akauchonga mwaka.

Mke wa fundi bomba alikuja wiki tano baadaye, na maneno yalikuwa yale yale, kwamba jiwe tayari lina kila kitu. Nukta aliliweka ukutani, akalifunika gunia kabisa. Alipolifunua, gunia lilikuwa limeacha vumbi na nyuzi kila mahali. Baada ya kistari, safi.

Kaka wa mpishi alipotokea mlangoni mwezi uliofuata na mzigo kwapani, Nukta hakungoja afungue. "Lete," alisema. "Najua." Yule mzee akamwangalia kwa jicho la pembeni, naye ungemlaumu? Mtu anajuaje msiba wako kabla hujasema? Safari hiyo Nukta alikaa mbele ya jiwe mchana mzima. Alichukua konzi mbili za vumbi sakafuni, akalimwagia jiwe lote, hata pale patupu, akatoka kwenda dukani kununua sukari. Aliporudi nafasi ilikuwa imesafishika. Pembeni yake vumbi lilikuwa limelala kwa mstari ulionyooka, mtu angedhani ni kidole kilichopita.

Tangu hapo utani ukamkauka. Wateja walishangaa. Mkewe alimuuliza kama tumbo linamsumbua, akampikia uji mwepesi siku mbili, naye akaunywa wote. Atamwambia nini? Kwamba ameua watu watatu kwa kistari? Angepelekwa akapimwe kichwa.

Mwaka ukazunguka. Katibu akaja, mara hii mapema, amejaa furaha, na karatasi mkononi.

"Mwaka huu tumejipanga, mzee wangu. Soma mwenyewe."

Nukta akasoma. Dereva wa gari la wagonjwa. Fundi baiskeli wa njia panda. Na wa tatu, aliyeanza kazi mwaka 1993, mkunga wa zahanati. Jina la mkewe lilikuwa limeandikwa kwa mashine, herufi zote zipo. Akakaa juu ya jiwe la mtu.

"Eeh, nilijua utafurahi!" Katibu alisema. "Na kile kistari chako usikisahau. Mwenyekiti amekipenda mno, tumekipitisha kwenye kikao. Sasa ni utaratibu."

"Mtoeni mke wangu," Nukta akasema.

"Kwa nini?"

"Watu watasema upendeleo. Mume anachonga, mke anapewa."

Katibu alicheka mpaka akashika mbavu. Kura zilikwisha pigwa, na barua ya mama ilikwisha kwenda. Akaangalia saa yake, akakimbia.

Nyumbani Nukta alimkuta mkewe amesimama katikati ya sebule, barua mkononi, anawasomea majirani wawili kwa mara ya pili au ya kumi. Alipomwona mumewe akamvuta, akamkumbatia, kichwa cha Nukta kikaishia kifuani pake.

"Miaka thelathini na moja, baba watoto," alisema, na sauti yake kubwa ile ikakatika. "Asante zote nilizopewa nimepewa na watu walio katika uchungu. Hii ndiyo ya kwanza kutoka kwa watu waliokaa vitini wakafikiri."

Sasa wewe ungemwambia akatae? Nukta hakuweza. Alisema hongera, akatoka kwenda uani, akalia huko akijifanya anachota maji.

Alichonga jiwe la dereva, akachonga la fundi baiskeli, akaweka vistari alivyoagizwa huku roho iko mkononi. La mkewe aliliacha la mwisho. Alitumia siku nzima kwenye jina lake, na nadhani hajawahi kuchonga herufi nzuri kama zile. Alipomaliza 1993 mkono ulisita, kisha ukakata kistari. Akaweka tindo chini. Akamwaga vumbi juu ya jiwe lote, akageuza uso kuelekea mlango, akahesabu pumzi mia.

Alipogeuka, palikuwa safi baada ya kistari.

Hapo ndipo akili ilipomruka. Alijiambia kwamba kifo kinaingia pale penye nafasi. Akiijaza yeye, hakitapata pa kuingilia. Hakunawa. Hakunywa chai. Alichukua tindo ile ile, bado ina joto la kazi, akachonga mwaka wa siku hiyo, mbili, sifuri, mbili, nne, haraka haraka, jasho likidondokea kwenye jiwe. Akamwaga vumbi tena. Likatulia juu ya tarakimu zote nne, halikusogea. Nukta akashukuru Mungu kwa sauti. Alilifunga jiwe kwa kitambaa na kamba, akalikabidhi limefungwa.

Sherehe ilifanyika mchana katika ukumbi wa hoteli, vitambaa vyeupe mezani na feni zinazunguka. Mkewe alivaa gauni jipya la buluu. Dereva aliitwa, akapokea jiwe lake. Fundi baiskeli aliitwa, mikono yake imesuguliwa mpaka imepauka. Kisha Katibu akafungua kitambaa cha tatu na kusoma kwenye kipaza sauti, kwa mbwembwe zake zote: "Mkunga wetu! Tangu mwaka 1993 hadi..." Akasogeza jiwe karibu na macho. "Hadi 2024! Kumbe mama yetu anapumzika mwaka huu! Na mumewe kaamua atuambie kwa jiwe!"

Ukumbi mzima ukasimama. Makofi yakapigwa mpaka vijiko vikacheza mezani. Mganga mkuu wa zahanati, bosi wake, akaenda jukwaani kumkumbatia. "Mama, mbona hukuniambia?" Mkunga alilitazama jiwe. Akafungua kinywa, akawatazama watu wote wale waliosimama kwa ajili yake, akakifunga. Kisha akamtafuta mumewe kwa macho kati ya meza, na Nukta, mwenye mdomo wake, aliinamia sahani.

Wiki iliyofuata mkunga aliletewa barua ya kustaafu atie sahihi. Zahanati ilikuwa na mkunga kijana anayengoja nafasi, na kila mtu alikuwa mpole, mpole kupita kiasi. Akaona ndiyo mambo yalivyopangwa, kwamba wakubwa wamekaa pamoja na kumtoa kwa heshima, na mumewe ameagizwa achonge. Alikuwa na majivuno yake; hakutaka kumwomba mtu. Akatia sahihi.

"Wamenistaafisha kwa makofi," alimwambia Nukta jioni ile. "Wewe waliagiza uniandikie, ukaandika. Sikulaumu."

Na Nukta, ole wake, akanyamaza. Alijiambia kazi ni kazi tu, unga unaweza kumwagika ukazolewa. Uhai ndio usiozoleka. Atamwona mkewe akizeeka barazani, watakula pamoja mchana, basi, yatosha.

Kwanza ilionekana hivyo. Jiwe liliwekwa kwenye rafu sebuleni na mkewe akaketi kwenye kiti kilicholikabili. Majirani walikuja kumpongeza. Lakini sikiliza walivyosema. "Alikuwa na mikono myepesi huyu mama," walisema, wakiambiana wao kwa wao, naye yuko hapo anawamiminia chai. "Alikuwa haogopi damu." Na mmoja, akiwa ameshika kikombe alichopewa na mkono ule ule: "Tutamkumbuka sana."

"Mbona wananizungumza hivyo?" mkewe aliuliza walipoondoka.

"Ndivyo watu wanavyoongea," Nukta akajibu, akaanza kukusanya vikombe.

Sauti ndiyo ilitangulia kuondoka. Ile sauti ya kuvuka barabara ikapungua, ikawa ya chumbani, ikawa ya kunong'ona, na siku nyingine haikutoka kabisa. Kisha hatua zake. Nukta angekuwa mezani, akageuka, akamkuta amesimama nyuma yake, hakusikia amefika saa ngapi. Wapita njia ambao zamani walimwamkia kutoka mbali walipita mbele ya baraza bila kugeuka. Si kwa dharau, hawakumwona tu. Siku moja akaja dada mmoja mwenye mimba kubwa, akapiga hodi, mkunga mwenyewe amekaa hatua mbili kutoka mlangoni. Yule dada akamwangalia Nukta peke yake.

"Shikamoo mzee. Naomba kuuliza, siku hizi yuko nani pale badala ya marehemu?" Akashtuka, akajishika mdomo. "Yaani, badala ya mama. Nisamehe! Sijui hata limenitokaje."

Mkewe alimtazama yule dada tumbo, vidole vyake vikasogea kidogo juu ya magoti, vikatulia.

Wakati huo dereva wa gari la wagonjwa alipita kila siku mbele ya banda na kupiga honi, "Nukta, vipi! Unaningoja? Utangoja sana!" Fundi baiskeli alikuwa amepata mjukuu. Vistari vyao viko wazi, na wenyewe wananenepa. Nukta aliwasikia wakicheka, akazidi kupiga nyundo.

Mwezi wa tatu tangu astaafu, Jumapili asubuhi, jua limeingia sebuleni, Nukta alitoka chumbani na kumkuta mkewe kitini, ameelekea rafu. Hakujua amekaa hapo tangu saa ngapi. Mwanga ulimwangukia begani, na pale begani, kwenye nywele, juu ya mikono iliyolala magotini, palikuwa na vumbi. Vumbi jeupe, laini, la marumaru. Mwanamke yule alikuwa hajakanyaga bandani mwaka mzima. Unaweza kuniambia lilitoka kwenye nguo za mumewe, nami sitabishana na wewe. Lakini vumbi hukaa kwenye kitu kisichosogea, na Nukta alilijua vumbi hilo kuliko mtu yeyote.

Alipiga magoti. Akampangusa mikono kwa viganja vyake, ilikuwa baridi, akampangusa mabega, vumbi likatoka na likabaki.

"Ni mimi," alisema. "Klabu haikuniagiza. Wao walitaka 1993 na kistari, basi. Mwaka wa pili niliuweka mimi."

Mkewe akageuza macho taratibu. Nukta akamwaga yote: mfagiaji, fundi bomba, mpishi, mawe yaliyorudi, nafasi zisizokubali vumbi, hofu yake. Alilia huku anasema, kamasi zinamtoka, mtu mzima mwenye wajukuu.

Sauti ya mkewe ikaanza chini kabisa, ikapanda.

"Mfagiaji alikuwa na sukari miaka kumi na mbili. Dawa nilikuwa nampelekea mimi. Fundi bomba alianguka darini akiwa amelewa. Mpishi alikuwa na miaka sabini na tatu! Hao wa klabu wanawapa watu tuzo wakiwa wameshachakaa, unashangaa nini wakifa?" Alisimama. Kiti kikaanguka nyuma yake. "Na wewe! Ukanifungia mwaka! Mimi, nikiwa hai, nakupikia uji! Miezi mitatu nakaa hapa nadhani wenzangu ndio walionitupa, kumbe ni wewe, unalala ubavuni mwangu unakoroma!"

Hiyo sasa ilisikika mpaka barabarani. Wauza duka walitoka nje kutazama, na wapita njia wakageuza shingo.

Alilichukua jiwe kutoka kwenye rafu, akalibeba kifuani, akatoka. Nukta akamfuata mbio na ndala zake. Watu waliwaona mchana kweupe, mama mrefu mbele na mzee mfupi nyuma, na kila aliyemwamkia mama aliitikiwa kwa ukali. Bandani akaliweka jiwe juu ya meza ya kazi na kulishika pembe mbili.

"Toa."

"Nitoe mwaka?"

"Toa!"

Marumaru haina kifutio. Nukta alichukua mashine ya kusagia, akaupunguza uso wa jiwe pole pole pale penye tarakimu nne, kisha msasa wa kukwaruza, kisha msasa laini na maji. Mkewe hakuachia pembe hata mara moja, mikono yake ikawa myeupe mpaka viwikoni kwa tope la jiwe. Nne ikaondoka, ikaondoka mbili. Kilipobaki kistari peke yake, Nukta akasogeza mashine.

"Na hiki nikitoe. Ni dakika mbili tu."

"Kiache."

"Mke wangu, tafadhali. Wewe hujui. Utaona, vumbi halitakaa pale, ninakuapia."

"Nimekusikia. Nakuamini."

"Huogopi?"

"Naogopa sana," akasema, akakaza mikono kwenye pembe za jiwe. "Lakini huko ulikonifungia nimekaa miezi mitatu, nimepaona, nimepajua. Watu wanaongea mbele yako na hawakuoni. Mwanamke anakuja na uchungu wake, unajua mtoto amekaa vibaya, unamwona kwa macho kabisa, na mkono haunyanyuki. Sirudi huko kabla ya siku yangu. Kiache wazi, baba watoto. Ikija, ije."

Nukta alizima mashine. Alitaka kumshika, akaona aibu, kisha akamshika hivyo hivyo, na wote wawili wakachafuka.

Jumatatu mkewe alikwenda kwa mganga mkuu. Barua yake ya kustaafu ilikuwa bado kwenye trei haijapelekwa makao makuu, na mkunga kijana, aliyekuwa peke yake na akina mama sita, alipomwona mlangoni aliangua kilio. Aliambiwa avae koti aingie ndani, maelezo baadaye.

Nukta hakufungua banda siku hiyo. Alikaa barazani. Kila gari lililopunguza mwendo alisimama, kila simu ya jirani iliyolia ilimkata maini. Saa tisa dereva wa gari la wagonjwa alipita kasi, king'ora kinalia, hakupiga honi, na Nukta alishika nguzo ya baraza mpaka sauti ikapotea. Saa kumi na mbili na dakika ishirini akasikia hatua zake kutoka mbali, nzito, za mtu aliyesimama kutwa.

"Mapacha," mkewe alisema, akavua viatu hapo hapo. "Wa pili alitanguliza miguu. Kuna chai?"

Kulikuwa na chai. Nukta alimimina, nyingine ikamwagikia sahani, na mkewe alijifanya hakuona. Alikula, akaoga, akalala. Nukta alikaa kitandani karibu naye muda mrefu, anamsikiliza anavyopumua.

Kulipopambazuka yeye ndiye aliyempigia pasi koti lake jeupe, akamwamsha, akamwambia utachelewa.